Muulize Bibi Hadubini: Seli haihesabu kromosomu zake

Kabla sijaanza: wale mlioniandikia kuhusu kipimo cha vinasaba cha kumtambua baba wa mtoto, barua zenu nimeziona, ni nyingi, na mwezi huu sizigusi. Mwezi huu ni wa seli inayogawanyika.

Shikamoo Bibi. Nasoma kidato cha tano, CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia), hapa Temeke. Hatua za mitosisi, yaani seli moja kugawanyika kuwa mbili, nazijua zote, naweza kukuchorea nimefumba macho. Ila kuna kitu kinanikera. Kitabu kinasema kila seli mpya inapata kromosomu 46 zilezile, vile vifurushi vya DNA vinavyobeba urithi. Nikamuuliza mwalimu: nani anahesabu? Darasa zima likacheka, mwalimu akasema hiyo haimo kwenye silabasi, tuendelee. Bibi, seli inajuaje kwamba kila upande umepata zake zote? Na zile nyuzi zinavutaje? – Mwanafunzi, Temeke

Marahaba, mjukuu wangu. Waliocheka waache wacheke. Profezi, metafezi, anafezi, telofezi, hizo hatua zako, ni majina ya picha tu, na picha zenyewe ni za zamani. Walther Flemming, Mjerumani aliyekuwa akifundisha Kiel, alizichora akitazama seli za mabuu ya salamanda zilizotiwa rangi, akazitoa kitabuni mwaka 1882. Ukiiweka michoro yake kando ya hiyo unayochora umefumba macho, hutaona tofauti kubwa. Lakini kuchora kinachotokea ni kazi moja, kujua kinatokeaje ni kazi nyingine, na swali lako lilikaa zaidi ya miaka mia moja kabla halijapata jibu la kuridhisha.

Jibu lenyewe ni hili: hakuna anayehesabu. Seli yako haijui kama ina kromosomu 46. Ingekuwa na 45 au 47 ingezigawa kwa utaratibu uleule. Inachokijua ni kidogo kuliko hicho, kwamba kila kromosomu, moja moja, imeshikwa kutoka pande mbili zinazovutana. Ya mwisho ikishashikwa hivyo, seli inakata. Sasa twende taratibu.

Chukua seli ya binadamu inayokuzwa maabara. Mzunguko wake mmoja unachukua kama saa 24, na kati ya hizo, saa 8 hivi zinakwenda kwenye kunakili DNA. DNA ya seli moja ukiinyoosha inafika kama mita 2, na yote imesokotwa ndani ya kiini ambacho upana wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Kila kromosomu inatoa nakala mbili. Hapa ndipo vitabu vya shule vinapopita mbio, na mimi ndipo ninapotaka ukae: nakala hizo mbili haziachwi ziende zake hata dakika moja. Zinapotoka tu kwenye kunakiliwa, zinafungwa pamoja kwa pete za protini inayoitwa kohesini. Protini hiyo ilielezwa mwaka 1997 na makundi mawili, la Kim Nasmyth kule Vienna na la Douglas Koshland kule Marekani, wote wakifanya kazi na hamira, hiyohiyo inayoumua maandazi.

Nenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, ununue doti ya khanga. Utapewa kitambaa kimoja chenye khanga mbili, pindo moja, mji mmoja, jina moja, bado hazijakatwa. Muuzaji hahangaiki kupekua rundo akitafuta pacha wa khanga yako, maana pacha huyo hajawahi kuachana nayo. Mkasi ukipita katikati, wewe na dada yako kila mmoja anaondoka na khanga ileile. Kromosomu iliyonakiliwa ni doti. Kama nakala zingeachwa ziogelee hovyo, seli ingekuwa na molekuli 92 zilizochanganyika na ingelazimika kujua ipi ni pacha wa ipi. Kwa kuzifunga mapema, tatizo la kutambua linakuwa limekwisha kabla mgawanyiko haujaanza. Kinachobaki ni kuhakikisha kila doti imeshikwa na watu wawili waliosimama pande tofauti.

Profezi yako ni wakati wa kujikunja, kromosomu zinakuwa fupi na nene. Uzi mrefu wa DNA usiokunjwa, ukiuvuta, utafunga mafundo na kukatika. Tupite.

Utando wa kiini ukivunjika, kutoka ncha mbili za seli zinatoka nyuzi. Tunaziita nyuzi, kwa kweli ni mirija, imejengwa kwa protini iitwayo tubulini, na upana wa mmoja ni nanomita 25. Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha mwaka 1984 tabia yake ya ajabu: mmoja unarefuka, ghafla unasinyaa, unarefuka tena kuelekea kwingine. Haujui kromosomu iko wapi. Unapapasa gizani, na kwa kuwa iko mingi na haichoki, mapema au baadaye mmoja unagusa. Kila nakala ya kromosomu ina kishikio chake, wataalamu wanakiita kinetokoro, na vishikio viwili vya doti moja vimepeana mgongo. Ndiyo maana mara nyingi kimoja kinashikwa na ncha ya kulia na kingine na ncha ya kushoto.

Mara nyingi, si mara zote. Nakala zote mbili zinaweza kushikwa na ncha moja. Zikikatwa zikiwa hivyo, upande mmoja unapata mbili na mwingine hauambulii kitu. Seli inaligunduaje kosa hilo bila kuwa na macho? Kwa mkazo. Bruce Nicklas wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alifanya jambo ambalo mimi niliyeshika slaidi maisha yangu yote nikilifikiria mkono unatetemeka: kwa sindano nyembamba ya kioo alivuta kromosomu moja ndani ya seli hai ya panzi. Kromosomu iliyoshikwa vibaya huwa imelegea, na nyuzi zake huachia zenyewe, zikajaribu upya. Yeye akaivuta kwa sindano, akaipa mkazo wa bandia. Nyuzi hazikuachia, ingawa mshiko ulikuwa mbaya vilevile! Hiyo ilikuwa kazi aliyoitoa na mwenzake mwaka 1969. Mwaka 1995 yeye na mwenzake mwingine walirudia ujanja huo kwa vunjajungu: seli iliyokuwa imekwama kwa sababu ya kromosomu moja isiyo na mkazo, ikivutiwa kromosomu hiyo kwa sindano, ilikubali kuendelea. (Seli hizo zote zilikuwa za kutengeneza mbegu za kiume, ambako mgawanyiko wake una mambo ya ziada, lakini kanuni ya mkazo ni moja.)

Leo tunamjua anayefanya kazi hiyo. Ni kimeng'enya kiitwacho Aurora B, kinachokaa katikati ya vishikio viwili. Doti ikiwa imelegea, kimeng'enya kinavifikia vishikio na kuulegeza mshiko, nyuzi zinaachia. Doti ikivutwa sawasawa pande zote mbili, sehemu ya kishikio inayoshika uzi inasogea mbali, haifikiki, na mshiko unadumu. Kwa hiyo kosa linajifuta lenyewe na usahihi unajidumisha wenyewe, bila msimamizi.

Bado swali moja: seli inajuaje kwamba zote ziko tayari? Hapa kila mtu hudhani lazima pawe na daftari la mahudhurio. Halipo. Kishikio kisichoshikwa na uzi kinatoa ishara ya kuzuia, inasambaa seli nzima, na ujumbe wake ni mmoja tu, "bado". Kimoja kati ya 92 kinatosha kuisimamisha seli. Jeni za mfumo huu zilipatikana mwaka 1991, kwenye hamira tena. Na kama bado unaamini kuna kuhesabu, sikiliza jaribio la Conly Rieder na wenzake wa Albany, jimbo la New York, mwaka 1995. Walichukua seli iliyobakiza kishikio kimoja tu kisichoshikwa, wakakiunguza kwa leza. Kromosomu ile haikutengenezwa, iliendelea kuning'inia upande mmoja. Lakini hakukuwa tena na wa kusema "bado", na muda mfupi baadaye seli ikakata na kugawanyika. Seli inayohesabu isingedanganyika kirahisi hivyo.

Ishara ya "bado" ikikoma, kinafunguliwa kimeng'enya kingine, separasi, ambacho muda wote kilikuwa kimefungwa na protini ya kukizuia. Kinakata pete za kohesini kwenye kromosomu zote karibu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana anafezi, hatua ya nakala kuachana, inaonekana kama mlipuko, wala si kromosomu kuondoka moja baada ya nyingine.

Kuhusu kuvuta: uzi haujikunji. Unamomonyoka kwenye ncha yake iliyoishika kromosomu, na kishikio kinang'ang'ania ncha hiyohiyo inayomomonyoka, kinarudi nayo nyuma. Mwendo wake ni kama mikromita 1 kwa dakika. Wakati huohuo ncha mbili za seli nazo zinasukumwa mbali zaidi. Mitosisi yote inachukua kama saa 1, na anafezi ndani yake ni dakika chache tu. Usishangae ukitafuta slaidi nzima ukaipata moja.

Nimetazama uboho wa mifupa kwa miaka mingi, na kinachonishinda kukizoea ni wingi. Mtu mzima anatengeneza chembe nyekundu za damu kama milioni 2 kila sekunde, na nyuma ya kila chembe kuna ukoo wa seli zilizogawanyika mara kadhaa. Hesabu mwenyewe ni pete ngapi zimekatwa mwilini mwako tangu uanze kusoma ukurasa huu.

Lakini seli haina bidii hii kwa kila kitu chake. Mitokondria, mitambo yake ya nishati, zinagawanywa kwa kuangukia tu upande zilipo. Ziko mamia, wala hakuna anayejali upande mmoja ukipata chache. Uangalifu wote huo ni kwa kromosomu, kwa sababu kila moja ni ya lazima. Aliyelionyesha hilo ni Theodor Boveri, Mjerumani mwingine, mwaka 1902. Alitumia mayai ya yule mnyama wa baharini mwenye miiba anayewachoma watoto miguu pale Coco Beach. Yai likirutubishwa na mbegu mbili za kiume badala ya moja, ncha zinazidi mbili, kromosomu zinagawanywa ovyo, na viluwiluwi vinavyotoka vinaharibika kila kimoja kwa namna yake kulingana na alichokosa. Mwaka 1914 akaandika kwamba huenda uvimbe wa saratani unaanzia kwenye mgawanyo mbovu wa namna hiyo. Wengi hawakumtilia maanani. Leo tunajua kwamba seli nyingi za saratani kweli zina kromosomu pungufu au za ziada, ingawa si kila mara hilo ndilo chanzo.

Mwambie mwalimu wako kwa adabu kwamba swali lipo, ila limehamia juu ya silabasi.

Habari za siku, Bibi. Nauza ndizi hapa Mahakama ya Ndizi, Mabibo. Binti yangu yuko chuo, ananiambia ndizi haina mbegu kwa sababu kromosomu zake ziko tatu tatu na haziwezi kugawanyika. Nikamwuliza: kama haziwezi kugawanyika, mgomba unakuaje mpaka unazidi paa? Akanyamaza. Nani mshindi? – Baba Mabibo

Salama, baba. Binti ana nusu, na wewe una nusu, lakini nusu yako ndiyo nimeipenda.

Ni kweli ndizi nyingi unazozipanga hapo, matoke ya Bukoba, mzuzu, hata zile ndefu za kuivisha, zina kromosomu 33, yaani seti tatu za 11. Wewe na mimi tuna seti mbili, moja ya baba na moja ya mama. Na ni kweli seti tatu ni balaa, lakini kwenye kazi moja tu, ile ya kutengeneza chavua na vijiyai, ambayo ni meiosisi. Huko kila kromosomu inatakiwa kwanza imtafute mwenzake aliyetoka kwa mzazi mwingine, wakae wawili wawili, ndipo waachane. Wakiwa watatu, mmoja anabaki bila mwenza au wote wanang'ang'aniana, na mgawanyo unavurugika. Mbegu haitoki.

Mitosisi haina habari na wenza. Kama umesoma nilichomjibu mwanafunzi hapo juu, kila kromosomu inanakiliwa, inabaki na nakala yake, inashikwa pande mbili, inakatwa. Jirani zake zikiwa mbili au tatu, hilo halimhusu. Kromosomu 33 zinanakiliwa, zinakatwa, kila seli mpya inabaki na 33. Kwa sababu hiyo mgomba unakua, unatoa machipukizi, na chipukizi ukilihamisha kutoka shamba la Rungwe ukalipanda Kibaha, linatoa ndizi ileile ya mama yake. Kila mkungu unaopokea ni ushahidi kwamba seli hazihesabu, wala hazidai shufwa.

Sasa usiende kumcheka binti yako, maana ana hoja ya kukurudia. Atakwambia mchare wa Kilimanjaro una seti mbili tu, kromosomu 22, na bado huoni mbegu ndani yake. Ni kweli. Kukosa mbegu kwa ndizi kuna sababu zaidi ya moja: tunda lake linanenepa bila hata kuchavushwa, na mchare wenyewe una uzazi dhaifu ingawa seti zake ni mbili. Ndizi za porini kule Asia zina kromosomu 22 vilevile, zimejaa mbegu ngumu za kuvunja jino. Wakulima wa zamani walizichagua zile zisizosumbua meno. Seti ya tatu ilikuja kuongezea tu.

Kwa hiyo sare. Mkungu mmoja mgawane.

Shikamoo Bibi. Mwanangu anatibiwa saratani ya damu. Moja ya sindano zake inaitwa vinkristini. Muuguzi kaniambia asili yake ni yale maua ya pinki na meupe yaliyojaa nyua za watu. Jirani ananishauri niyachemshe nimpe nyumbani, niokoe nauli. Na mbona nywele zimeisha, na analalamika ganzi kwenye vidole vya miguu? – Mama, Mbagala

Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza.

Usichemshe. Naanza na hilo kabla ya maelezo yoyote.

Muuguzi amekwambia kweli. Mmea ule asili yake ni Madagaska, na majani yake yana vinkristini kwa kiasi kidogo mno. Kupata gramu moja inahitajika mamia ya kilo za majani makavu, na zaidi. Pamoja nayo kuna kemikali nyingine nyingi ambazo hakuna anayezipima kwenye sufuria yako. Dawa ya mtoto imesafishwa, inahesabiwa kwa miligramu kulingana na ukubwa wa mwili wake, kwa kawaida haizidi miligramu 2 kwa mara moja, na inaingizwa kwenye mshipa wa damu tu. Kati ya kiasi kinachoponya na kinachodhuru pana nafasi ndogo sana. Chai ya jirani inaweza isimsaidie kitu, na inaweza kumuumiza vibaya.

Hata iligunduliwa kwa sababu ya chai, na hiyo hadithi nitamwachia jirani yako. Watu wa Jamaica walikuwa wakichemsha majani hayo kwa ajili ya kisukari. Miaka ya 1950 majani yakapelekwa Kanada, Robert Noble na Charles Beer wakayapima. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni chembe nyeupe za damu za wanyama wa majaribio, tena kwa kasi ya kutisha. Kwa mtu mwenye kisukari hiyo ni sumu. Kwa mtoto ambaye chembe nyeupe zake zinazaana bila breki, ni tiba, mradi iko mikononi mwa anayejua kipimo. Wao walitenga dawa ndugu yake, vinblastini. Vinkristini ikafuata, na ilianza kuruhusiwa Marekani mwaka 1963. Inatumika pia kwa uvimbe wa taya za watoto ambao Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 akiwa daktari wa upasuaji Kampala.

Inafanyaje kazi? Inashikamana na tubulini, yaani matofali ya zile nyuzi nilizozieleza kwenye barua ya kwanza. Nyuzi hazijengeki. Kromosomu zimenakiliwa, zimefungwa mbili mbili, zinasubiri kushikwa, na hakuna wa kuzishika. Ishara ya "bado" haikomi. Seli inasubiri saa nyingi, na nyingi zinaishia kufa. Dawa haiijui saratani kwa sura. Inaikuta seli ikiwa katikati ya kugawanyika, na seli za saratani ya damu zinagawanyika mno. Mizizi ya nywele nayo iko kazini usiku na mchana, ndiyo maana imepatwa. Kwa kawaida nywele huota tena matibabu yakiisha.

Ganzi ni jambo jingine, na hili tafadhali mwambie daktari wake kwenye kliniki ijayo, usilibebe moyoni. Mishipa ya fahamu haigawanyiki, lakini inatumia mirija ileile ya tubulini kusafirisha mahitaji kutoka uti wa mgongo mpaka kidoleni. Kwa kuwa ya miguuni ndiyo mirefu kuliko yote, inaumia mwanzo. Akikosa choo kwa siku kadhaa, akianza kuburuza mguu au kujikwaa, sema pia. Daktari anaweza kupunguza dozi au kuiahirisha, lakini hawezi kurekebisha asichoambiwa.

Maua yaache uani, ni mazuri.

Bibi, ni kweli wanasayansi waliwahi kudhani binadamu ana kromosomu 48? – Dereva bodaboda, Sinza

Kweli kabisa, na kwa zaidi ya miaka 30. Theophilus Painter wa Texas alitoa hesabu hiyo mwaka 1923, akihesabu kromosomu zilizolundikana juu ya nyingine, na wengine wakaifuata. Joe Hin Tjio, mzaliwa wa Java, pamoja na Albert Levan, wakiwa Lund, Sweden, walitangaza 46 mwaka 1956. Siri yao ilikuwa mbili: dawa kutoka mmea mwingine, kolchisini, inayozuia nyuzi na kuzikwamisha seli metafezi, kabla nakala hazijaachana, na maji yenye chumvi kidogo yanayoivimbisha seli mpaka kromosomu zikaachana. Mwenye 48 ni sokwe.

Shikamoo Bibi. Nafundisha sekondari Kigamboni. Tuna hadubini moja inayofanya kazi. Naweza kuwaonyesha wanafunzi mitosisi bila kununua slaidi za dukani? – Mwalimu, Kigamboni

Marahaba, mwalimu. Moja inatosha, panga foleni.

Nunua kitunguu maji, kile kilichokaa ghalani muda, kisicho na dalili ya kuoza. Kwangua mizizi mikavu, kiweke juu ya mdomo wa chupa iliyojaa maji, kitako kiguse maji tu. Kwa joto la Dar siku mbili tatu zinatosha kupata mizizi ya sentimita 1 au 2. Badilisha maji kila siku, yakinuka mizizi imekufa.

Kata ncha tu, milimita 2 au 3. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea, wanachukua kipande cha juu ambako seli zinarefuka tu bila kugawanyika, kisha wanalaumu hadubini. Loweka ncha kwenye mchanganyiko wa spiriti safi sehemu tatu na asidi ya asetiki sehemu moja, ukiweza usiku kucha, ili seli zigande zilivyo. Kisha ziweke kwenye asidi hidrokloriki ya mola 1, joto la nyuzi 60, kwa dakika 5 hadi 10, ziwe laini. Suuza vizuri. Tia rangi ya aseto-orseini au toluidini ya buluu, funika kwa kioo chembamba, weka karatasi ya shashi juu, na ubonyeze kwa dole gumba wima. Ukisugua kando umeharibu kila kitu. Wanafunzi wavae miwani na glovu, na asidi uishike wewe.

Anza na lenzi ndogo, tafuta eneo lenye seli za mraba zilizobanana, kisha panda mpaka mara 400. Seli nyingi utazikuta na kiini cha duara kimetulia, waambie wasikate tamaa. Wape kazi ya kuhesabu seli 200 na kuandika ngapi ziko kila hatua. Hatua inayochukua muda mrefu itakuwa na seli nyingi zaidi, kwa hiyo kutoka slaidi iliyokufa watapata makadirio ya muda, jambo ambalo kitabu chao hakiwapi. Kitunguu kina kromosomu 16, kubwa na zinazoonekana vizuri. Mwenye macho makali akipata metafezi iliyobonyezwa sawasawa anaweza kuzihesabu moja moja. Asidi iliyobaki izimue kwa maji mengi kabla ya kuimwaga.